Nyuma ya Ubao

Ukikwaruza mbao ya mvule kwa wembe, chini ya ngozi yake ya kahawia utakuta njano. Ndiyo mbinu ya kwanza niliyofundishwa katika kazi hii, na ndiyo iliyoniingiza taabani mwaka jana huko Port Victoria, ndani ya boti kuukuu ambayo mwenyewe alitaka tu ing'ae.

Mimi ni seremala wa Busia, upande wa Kenya. Kibanda changu kiko Burumba. Natengeneza vitanda, milango, makabati, na siku za huzuni natengeneza majeneza. Boti si kazi yangu. Lakini kazi ya ndani ya boti, yaani makabati madogo, viti vya kando, mlango wa chumba na mbao za kufunika mbavu, ni useremala ule ule uliobanwa mahali pembamba. Ndiyo maana sikukataa mama mmoja mfanyabiashara wa samaki aliponipigia simu. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia boti ya mbao yenye chumba, ya zamani, iliyokaa ufuoni misimu miwili bila kuguswa. Alikuwa amepata mnunuzi, jamaa wa Majanji, upande wa Uganda, aliyetaka kuitumia kubeba abiria wa visiwani.

"Fundi, huko ndani kumechakaa. Nataka zile mbao zing'ae. Huyu mtu anakuja mwisho wa mwezi."

"Ni mbao gani, Mama?"

"Mvule mtupu. Marehemu alikuwa anasema hivyo kila siku."

Nikapanda matatu kupitia Funyula, begi la vyombo mapajani.

Lazima niseme kidogo jinsi nilivyojifunza kusoma mbao, maana kisa chote kinategemea hapo. Mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa akifanya kazi kwenye yadi ya mbao Malaba nilipokuwa kijana wa shule. Wakati huo kama sasa, malori yalipanga foleni mpakani, na baadhi yake yalibeba mbao kutoka Uganda na Kongo. Dereva akiwa bado anahangaika na karatasi zake, mjomba alinipeleka nyuma ya lori, akaramba kidole, akalowesha mwisho wa ubao pale ulipokatwa na msumeno, kisha akaupunguza kidogo kwa wembe.

"Usiangalie ubavu," aliniambia. "Ubavu unapakwa rangi. Angalia kichwa."

Kichwani ndipo mti unapojitaja. Saiprasi haina matundu kabisa, na ukiikata inanukia hadi puani. Mgrivea ukipasuliwa vizuri hutoa madoa kama magamba ya samaki. Mahogani ya Kongo ni nyekundu, na ikirandwa inatoa mistari ya mwanga na kivuli kama utepe. Mvule una matundu makubwa, na kila tundu limezungukwa na weupe mdogo mfano wa mabawa. Ubavuni weupe huo unageuka kuwa mistari ya kupindapinda. Nyuzi zake zimepishana, kwa hiyo ukiuranda mstari mmoja unalainika, wa jirani unachanika. Vumbi lake linawasha pua na ngozi. Na mara nyingine ndani yake mna jiwe, jiwe la kweli la chokaa lililotengenezwa na mti wenyewe, linaloua meno ya msumeno bila kukuonya.

Basi siku ya kwanza kule Port Victoria sikufungua kopo lolote. Mafundi wengi wakipewa mbao ya zamani wanakimbilia msasa, na huo ndio mwanzo wa kuharibu. Kwanza ujue mbao ni ipi, pili ujue imepakwa nini. Nilitafuta mahali pasipoonekana, nyuma ya bati la taa, nikaweka tone la spiriti. Ikianza kunata, hiyo ni shelaki. Isiponata, jaribu thina; ikilainika kama uji, ni laka. Zote mbili zikishindwa, hapo una vanishi ya mafuta iliyokomaa, na dawa yake ni subira na kipande cha kioo kilichovunjika, ukikwangua polepole kufuata nyuzi. Ilikuwa vanishi ya mafuta, mapako juu ya mapako, imekuwa nyeusi kama chai iliyosahaulika jikoni.

Mlango ulikuwa mvule. Makabati, mvule. Kiti cha kulia, mvule mzuri ajabu, mapana ambayo siku hizi huyapati sokoni. Nilifanya kazi nikiwa nimejifunga kitambaa puani, na kila nilipokwangua, ile njano ilitokeza kama mtu aliyeamka. Niliifuta kwa thina kabla ya kupaka, kwa sababu mvule una mafuta yake mwenyewe na vanishi ikikaa juu ya mafuta hayo hukataa kukauka. Pako la kwanza jepesi, lililochanganywa na tapentaini. Msasa laini. Pako la pili. Jioni mama alikuja, akapitisha kiganja mlangoni, akanyamaza muda. "Hivi ndivyo ilivyokuwa siku ya harusi ya dada yake," akasema. Walikuwa wamembeba bibi harusi ndani yake.

Siku ya nne nilifika ubavu wa kushoto, zile mbao zinazofunika mbavu za boti, ambazo mafundi wa majahazi huziita mataruma. Rangi ilikuwa ile ile ya kahawia. Nikakwaruza. Chini ya kahawia palikuwa peupe.

Nikainamisha pua. Saiprasi.

Hilo peke yake halikunishtua. Mtu aliishiwa mvule akaweka saiprasi, akaipaka rangi ifanane. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, bei ya mbao ilipanda, na nusu ya vitanda vya "mahogani" vilivyotoka kibandani kwangu vilikuwa saiprasi iliyovalishwa. Wateja walijua. Bei yenyewe iliwaambia.

Lakini nilipogonga kwa kifundo cha kidole, sauti ilikuwa ya debe lenye nguo ndani. Nikang'oa misumari minne, nikautoa ubao mmoja. Harufu ya uyoga ilinipiga usoni. Nyuma yake kulikuwa na mataruma ya lusiola, mti ambao Waganda wanauita musambya na ambao kwa kawaida hata mchwa wanauheshimu. Mawili kati yake yalikuwa meusi. Nilisukuma bisibisi, ikaingia hadi mpini kama inaingia kwenye ugali.

Wengi wanadhani boti huozeshwa na ziwa. Mbao iliyozama majini muda wote inaweza kudumu sana. Kinachoiua ni kulowa na kukosa hewa: mvua inavuja kutoka deki, inashuka taratibu, inakaa nyuma ya ubao uliobanwa vizuri pasipopita upepo, na ukungu unaanza kula. Maana yake ni kwamba ule ubao uliofunika uozo ndio pia ulioulea.

Nikaugeuza ubao nione ulivyofungwa. Upande wa nyuma kulikuwa na vipimo vya penseli, na kando yake alama ya pembetatu yenye nukta katikati. Naijua alama hiyo. Iko kwenye mfuniko wa sanduku langu la vyombo, maana sanduku lenyewe nililirithi kwa aliyelichora.

Mjomba yuko hai. Amezeeka, anakaa Nambale na kuku wake. Jumapili nilimwendea.

"Mulembe, mjomba."

"Mulembe. Umekuja na uso wa deni."

Nikamweleza. Hakukana, hakushtuka.

"Ile boti bado iko? Nilikuta mataruma mawili yameanza kulainika. Nikamwambia mwenyewe, uso kwa uso. Akasema pesa ya mataruma haipo, pesa ya kufunika ipo. Nikafunika. Sikumdanganya mtu, kijana wangu."

"Na abiria, mjomba?"

Alitupa mahindi, akawaangalia kuku wakigombana.

"Abiria hawakuwa wamenilipa."

Nimeyageuzageuza maneno hayo tangu siku ile. Ukiyasikia haraka yanachukiza. Lakini jaribu kuyajibu. Fundi anawajibika kwa nani? Yule aliyemwita, aliyepatana naye bei, aliyempa chai saa nne, huyo anadai ukweli, na mjomba alimpa. Tukisema fundi anadaiwa ukweli na kila mtu atakayewahi kuegemea kazi yake, tumempa deni lisilo na mwisho. Mlango niliotengeneza mwaka juzi sijui leo unafungwa na nani. Je, niwatafute wote?

Kuna kitendawili cha kale cha Wagiriki ambacho Plutarch alikisimulia. Waathene waliitunza jahazi ya shujaa wao Theseus, na kila ubao ulipooza waliutoa wakaweka mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana: hii ni jahazi ile ile au ni nyingine? Nililisoma swali hilo zamani nikalipenda. Sasa naona lina upungufu. Wote wanaoliuliza wamesimama ufuoni wakiiangalia jahazi, na hakuna anayeuliza kwa niaba ya mtu aliyekaa ndani. Huyo hajali kama jahazi ni ile ile. Anachotaka kujua ni kama mbao anazoambiwa zipo, zipo kweli.

Sisi wa mpakani tuna uzoefu na majina. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda wakauweka chini ya utawala ambao baadaye ukawa Kenya. Babu zetu walilala nchi moja wakaamka nyingine bila kuhama hata jiko. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na mtu anaweza kuvuka asubuhi kununua ndizi akabadilisha salamu, pesa na hata jina analoitwa, akarudi jioni akiwa yeye yule. Mti nao hivyo hivyo: ng'ambo unaitwa muvule, huku mvule, na ukifika Ulaya unauzwa kwa jina la iroko. Hakuna aliyedanganywa. Kukipa jina jipya kitu ambacho hakijabadilika si uongo. Uongo ni kuliacha jina pale pale wakati kitu kimeshabadilika. "Mvule mtupu" ilikuwa kweli siku moja. Kisha ikabaki kama maneno tu, na kazi ya saiprasi iliyopakwa kahawia ilikuwa kuyalinda maneno hayo.

Kwa hiyo rangi yenyewe sina ugomvi nayo. Vanishi inalinda. Rangi ya kahawia inapendezesha, na mwenye kitanda anajua anacholalia. Jeneza linapakwa rangi liheshimu wafu kwa saa chache, na wafu hawaanguki kwa sababu ya saiprasi. Mpaka wangu nauweka hapa: je, kuna mtu ambaye maisha yake yanategemea kujua kilicho chini, na mimi nalipwa ili asijue? Watu wa ziwa hili wanaikumbuka MV Bukoba ya 1996 na MV Nyerere ya 2018. Hizo zilikuwa za chuma na hazikuzama kwa kuoza kwa mbao. Nazitaja kwa jambo moja tu: abiria hana njia ya kuipima meli kabla ya kupanda. Analipa nauli, anakaa, anaegemea ubavu wa chombo. Mgongo wake ndio macho yake, na mgongo hauoni.

Jumatatu nilimwonyesha mama yale mataruma. Nilimpa bisibisi asukume mwenyewe. Akasukuma mara moja, akanirudishia.

"Marehemu alijenga maisha yetu na hii boti," akasema. "Usiniambie alinidanganya."

Hilo sikumwambia. Nilimwambia mbao zimeoza, basi; ni nani aliyejua, sikutaja. Nilisema mataruma yanaweza kubadilishwa, na nikataja bei ya mbao na ya fundi wa boti wa kunisaidia. Hakuwa nayo. Ana mtoto mmoja sekondari na mwingine anayeingia sekondari, na boti ndiyo mali iliyobaki.

"Fundi, huyu mnunuzi ni mtu mzima. Ana macho. Si aangalie mwenyewe?"

Hoja yake si ya kijinga. Soko lote la Busia linaendeshwa hivyo: unageuza nyanya, unabonyeza parachichi, unapiga tikiti maji. Lakini nyanya haijafungiwa nyuma ya ubao. Nikamjibu, "Mama, unanilipa mimi ili macho yake yaishie kwenye vanishi."

Akanyamaza. Kisha akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba kama siwezi kuurudisha ubao, atatafuta anayeweza. Akanilipa kazi ya mvule yote, hakupunguza hata shilingi. Kijana mwingine alikuja, akaurudisha ubao, akapaka, akamaliza mchana mmoja. Namfahamu. Ni fundi mzuri.

Nilirudi Burumba nikijiona mtu safi. Ilichukua wiki tatu kuona kuwa usafi huo ulikuwa wa mikono tu. Nilikataa kupigilia misumari minne, sawa. Lakini misumari ilipigiliwa, na mimi nilijua, na namba ya mnunuzi ilikuwa kwenye simu yangu, kwa kuwa siku moja mama aliishiwa salio akampigia kwa simu hiyo. Kukataa kwangu kulinigharimu siku mbili za kazi. Kulimsaidia nani? Mjomba alifunika na kumwambia mwenyewe. Mimi sikufunika, na sikumwambia aliyekuwa ananunua. Sijui ni nani kati yetu angeshinda mbele ya wazee.

Nikapiga simu. Boti ilikuwa imeshavuka. Nikajitambulisha, nikaeleza, upande wa kushoto, mataruma mawili, nyuma ya saiprasi. Nilitegemea hasira.

"Eh, fundi, hiyo nilijua," akasema, na alikuwa anacheka. "Niliipiga nyundo nje kabla wewe hujafika. Ndiyo maana nilimshusha bei huyo mama. Nitatengeneza, pole pole."

Baada ya simu nilikaa kwenye benchi nikahesabu. Marehemu alijua. Mjomba alijua. Mama alijua. Kijana aliyerudisha ubao alijua. Mnunuzi alijua tangu mwanzo. Mimi nilijua. Siri iliyojulikana na watu sita si siri tena, ni makubaliano. Na katika makubaliano hayo yote, kila aliyelipa alipata ukweli wake, hata ikapunguziwa bei. Mama alipokea pungufu kwa sababu ya uozo, mnunuzi akalipa pungufu kwa sababu ya uozo. Hesabu ilikuwa safi. Wasiojua ni wale tu watakaokata tiketi, na wao nauli haitapunguzwa.

Hapo ndipo nilipoona mahali mjomba alipokosea, na ambapo mimi pia nimekuwa nikikosea bila kujua. Alidhani ukweli ni sehemu ya malipo, kama chai na nauli: anayelipa anapewa. Lakini ukweli kuhusu kitu kinachobeba watu haumfuati anayelipa, unaufuata uzito. Unadaiwa na yule atakayekiegemea. Na lile deni nililoogopa kuwa halina mwisho, kumbe lina mwisho. Sidaiwi na kila atakayefunga mlango wangu. Nadaiwa na yule ambaye najua, kwa hakika, kwamba ataegemea pale ambapo bisibisi yangu iliingia hadi mpini. Hao si watu wote wa dunia. Wanatoshea kwenye boti moja.

Tangu hapo nimebadilisha mambo mawili madogo. Ubao wowote ninaofunikia kitu naufunga kwa skrubu, si misumari, ili anayekuja aufungue bila kuuvunja, na ninaacha upenyo chini na juu hewa ipite. Na nyuma yake, kando ya vipimo, naandika kwa penseli tarehe, aina ya mbao, na hali ya kilicho ndani. Alama ya pembetatu siitumii. Naandika jina langu lote.

Ni ya fundi atakayefuata, hiyo penseli. Abiria hataisoma, najua. Kwa hiyo nilimpigia tena jamaa wa Majanji, nikamwambia nitayafanya yale mataruma kwa bei ya mbao tu. Akaniuliza ni pesa ngapi, nikamtajia, akasema atanipigia. Ni miezi miwili sasa. Nasikia boti inabeba watu.

Vipimo ninavyo. Wiki iliyopita nilipata lusiola iliyopinda yenyewe vizuri, kwa mzee mmoja njia ya Malaba, nikaichonga. Mataruma mawili yamelala kibandani juu ya vijiti, yanakauka. Yakikauka nitavuka nayo, awe amepiga au hajapiga.